Kikombe Juu, Chupa Chini

Meli ilikuwa imekaa mezani wiki ya tatu bila rangi, Mama alipoizungumzia kwa mara ya kwanza. Hakuuliza kwa nini nimeijenga. Aliizunguka meza, akaiangalia kwa upande wa mbele, kisha akasema, "Rangi yenyewe utaipaka kwa kutumia nini?"

Nikamwambia bado nachagua. Ilikuwa kweli. Simu yangu ilikuwa na picha mbili zilizotumwa na rafiki aliyekuwa Kariakoo, Dar es Salaam, dukani, akisubiri jibu. Picha zote mbili zilikuwa za eabrashi, yaani kile kibomba cha kupulizia rangi chenye unene wa kalamu ya ubaoni. Ya kwanza ilikuwa na kikombe kidogo juu, kama kitovu kilichotokeza. Ya pili ilikuwa na kichupa kinachoning'inia chini. Bei zilikaribiana na hela yangu ilitosha moja. "Kikombe au chupa?" aliandika. "Wanafunga saa kumi na moja."

Meli yenyewe ni MV Bukoba, kwa kipimo cha 1:100, sentimita moja ya meza kwa kila mita ya meli. Nimeijenga kwa plaiwudi nyembamba na vipande vya plastiki. Meli halisi iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka na kuzama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baadaye. Mjomba wangu, mdogo wake Mama, alikuwa ndani, na Mama alikuwa bandarini Mwanza akimsubiri.

Kwa hiyo swali la kikombe au chupa lilikuwa dogo sana, na pia halikuwa dogo hata kidogo.

Nasoma historia, shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu usafiri wa Ziwa Victoria. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba meli za ziwa hili zina undugu wa karibu na modeli. Ziwa letu halina njia ya meli kutoka baharini. Nile inatoka huku, lakini hakuna meli inayopanda maporomoko yake. Meli kubwa ya chuma ikitakiwa Kisumu au Mwanza, ni lazima ije vipande vipande.

SS William Mackinnon ilitengenezwa Paisley, Uskoti, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa, na vipande vyake vikapelekwa ziwani wakati reli yenyewe bado inajengwa. Iliteremshwa majini mwaka 1900. MV Victoria, ambayo wazazi wetu wengi wameipanda, ilitengenezwa Glasgow, ikafungwa kwa bolti ili kuhakikisha kila kitu kinakaa mahali pake, ikafunguliwa tena, ikaja kuunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Kule Ziwa Tanganyika, meli tunayoiita Liemba ilitoka Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa Kigoma. MV Bukoba nayo iliunganishwa hapa hapa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970.

Yaani kabla ya mtoto yeyote wa Mwanza kufungua boksi la ndege ya plastiki yenye vipande vyenye namba, babu zetu walishaona mabati ya chuma yenye namba yakishushwa na kuunganishwa ufukweni. Tofauti ni kipimo tu.

Na kipimo ndicho kinacholeta taabu ya rangi. Brashi ya kawaida huacha mistari. Mstari wenye unene wa robo milimita mezani kwangu ni sawa na sentimita mbili na nusu kwenye meli halisi. Hakuna meli iliyopakwa rangi yenye matuta ya sentimita mbili na nusu. Ukitumia brashi, jicho linakataa mara moja, linaona mbao iliyopakwa rangi badala ya meli. Ndiyo maana wajenzi wa modeli hupuliza. Hewa huivunja rangi ikawa ukungu, na ukungu hutua tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba mpaka uso mzima uwe mmoja.

Hapo ndipo swali linakuja: hiyo rangi inafikaje kwenye hewa?

Njia kuu ni mbili. Kikombe kikiwa juu, rangi inashuka yenyewe kwa uzito wake mpaka kwenye sindano, na hewa inaipokea hapo. Chupa ikiwa chini, rangi haiwezi kupanda yenyewe, lazima ivutwe. Chukua mrija wa soda, ukate vipande viwili. Kimoja kisimamishe ndani ya glasi ya maji, kingine kipulize kwa nguvu kukatiza juu ya mdomo wa kile cha kwanza. Maji yatapanda na kuruka. Hewa inayopita kasi hupunguza mgandamizo pale juu, na hewa ya kawaida inayokandamiza maji ya glasi huyasukuma yapande mrijani. Kwa hiyo kifuniko cha chupa ya eabrashi lazima kiwe na tundu dogo la kuingiza hewa. Tundu likiziba, rangi inasimama, hata upulize vipi. Ipo pia njia ya kati, kikombe kilichochomekwa ubavuni, ambacho huweza kuzungushwa kadiri mkono unavyoinama.

Watu watakuambia ipi ni bora. Mimi nikajiuliza swali la mtu wa historia: kila moja ilianzia wapi, na ilianzishwa kwa kazi gani?

Jibu la kwanza lipo Marekani, kwenye picha za watu. Mwaka 1876 Francis Stanley alipata hataza ya kifaa cha kupulizia rangi, alichokitumia kupaka picha rangi. Huyu ndiye Stanley yule ambaye baadaye, pamoja na pacha wake, alitengeneza magari ya mvuke. Mwaka 1879 Abner Peeler wa jimbo la Iowa akatengeneza cha kwake kwa vipuri vya kuokoteza. Liberty Walkup akakinunua, akakiboresha na kukiuza kutoka mji wa Rockford. Mwaka 1893 Charles Burdick akapata hataza ya chombo ambacho rangi na hewa hukutana ndani ya ncha, na akahamia London kukitengeneza. Hapo ndipo eabrashi ilipoanza kufanana na hizi za leo.

Hawa wote walihudumia studio za picha. Picha za wakati ule zilififia au zilitoka na mapungufu, na kazi ilikuwa kurudisha shavu, kope, kivuli cha pua. Kwa shavu la mtu unahitaji rangi kiasi gani? Matone machache. Unayaweka kwenye kikombe, unapuliza kwa upole, unaosha, unaweka rangi nyingine. Kikombe kidogo kilicho karibu na sindano ni chombo cha mtu anayetengeneza uso. Kampuni ya Thayer & Chandler ya Chicago ilikiweka ubavuni, Burdick na waliomfuata Uingereza wakakiweka juu, lakini wateja walikuwa wale wale: watu wa sura na vivuli.

Chupa ina ukoo mwingine. Mmoja wa wazee wake ni Dk. Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, daktari wa koo, ambaye mwaka 1888 aliunda kifaa cha kupuliza dawa kooni. Dawa ilikaa chini kwenye chupa, daktari akabana kifuko cha mpira, ukungu ukatoka. Manukato ya mama zetu yenye kifuko cha kubana yalifanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mwanawe, Thomas, aliligeuza wazo hilo mwaka 1907 kuwa bomba la kupulizia rangi viwandani. Walianza na samani. Kisha yakaja magari. Rangi ya gari kwa brashi ilichukua wiki kadhaa kukauka, tabaka baada ya tabaka. Miaka ya 1920, rangi mpya za kukauka haraka za kampuni ya DuPont zikipulizwa kwa mabomba hayo ziliipunguza kazi hiyo ikawa ya saa. Kiwandani hutaki matone machache. Unataka lita nzima ining'inie chini na mkono usisimame.

Wasomaji wa umri wangu huenda hawalikumbuka bomba la bati la dawa ya mbu, lile la kusukuma kwa mkono kama pampu ya baiskeli, lenye kopo chini ya mdomo wake. Bibi alikuwa nalo. Lile ni chupa chini, bila nyongeza yoyote. Lakini wale vijana waliopita majumbani kwetu Kanda ya Ziwa wakipuliza dawa ukoko walikuwa na mtungi mgongoni au begani ambao hupampiwa hewa kwanza, kisha hewa ndiyo husukuma dawa itoke. Huo ni ukoo wa tatu, wa mgandamizo, na hauhitaji kuvuta wala kuteremka. Vyote tumeishi navyo. Ni majina tu ambayo hatukuwa nayo.

Nilimwambia rafiki yangu asubiri mpaka kesho, nikaenda Nyakato kwa fundi rangi mmoja mzee ambaye gereji yake hupita mabasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeleta gari au maneno?"

"Maneno, Mzee."

Akacheka, akaniacha niulize. Ana mabomba mawili ukutani. La zamani lina kopo la lita moja chini. Jipya lina kikombe cha plastiki juu. Nikamuuliza anachaguaje. "Hili la chini ni la basi," alisema. "Hili la juu ni la mlango." Alipoona sijaridhika akaendelea. Kopo la chini linabeba rangi nyingi, halimwagiki ukiinama, lakini mwisho linabakiza rangi ambayo mrija haufiki, na rangi siku hizi ni hela. Tena linakula hewa. Kikombe cha juu kinamaliza mpaka tone la mwisho, kinataka hewa kidogo, lakini kila dakika unajaza, na ukikiinamisha vibaya kinakumwagia.

"Wewe unapaka nini?"

Nikamwambia meli ndogo, ya mezani. Sikutaja jina. Akafungua droo, akatoa eabrashi ya zamani yenye kichupa, ambayo aliwahi kuitumia kuandika majina ya daladala, akasema nikaijaribu kabla sijapoteza hela. "Hewa unayo?"

Hewa ndiyo ilikuwa shida ya pili. Kompresa inataka umeme, na umeme una siku zake. Tena kompresa ya bei rahisi inapiga kelele kama mashine ya kusaga, na nyumba yetu inapakana na watu wanaolala mapema. Njia ya wajenzi wa modeli wasio na hela inajulikana duniani kote: tairi. Unalijaza upepo kwenye kituo cha mafuta, unalibingirisha nyumbani, unaunganisha mpira kwenye valvu, unapuliza kimya kimya mpaka upepo uishe.

Hapo hesabu ikajiamulia yenyewe. Tairi la gari dogo hujazwa paundi 30 hivi kwa inchi mraba. Eabrashi ya kuvuta kutoka chini hupenda paundi 25 na kuendelea ili ipate nguvu ya kunyanyua rangi. Ya kikombe inaridhika na 15 hadi 20. Nikiwa na ile chupa ya fundi, nilipuliza kipande cha plaiwudi vizuri kwa dakika chache, kisha ukungu ukaanza kukohoa, ukatema matone, ukasimama. Tairi lilikuwa bado na upepo mwingi tu, ila haukutosha kuvuta. Kikombe kingeendelea, maana rangi yake haingoji kuvutwa.

Mara ya pili ilisimama tairi likiwa limejaa. Nikaifungua, nikasafisha sindano, nikaifunga, wapi. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Nikasema kwa sauti, nikijisemea mwenyewe, "Kumbe ni tundu. Hewa haipiti." Nikachukua pini, nikalizibua tundu la kifuniko.

Mama akaacha mchele.

Wanaoijua habari ya MV Bukoba wanajua kwa nini. Baada ya kupinduka, meli haikuzama papo hapo. Ilielea juu chini, tumbo likiwa juu ya maji, kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Walikuwamo watu hai humo, wakigonga chuma. Waokoaji walitoboa tundu ili wawatoe, hewa iliyokuwa ikiibeba meli ikatoka kupitia tundu hilo, na meli ikazama. Sisi wa Mwanza tumelisikia simulizi hilo tangu utoto, kila mtu kwa namna yake, na kila mara linafika kwenye tundu na kunyamaza.

Sikusema kitu. Mama naye hakusema. Baadaye kidogo akarudi kwenye mchele wake. Usiku ule nikamwandikia rafiki: chukua ya kikombe.

Ningependa kudai kwamba nilichagua kwa sababu ya tundu. Hapana. Nilichagua kwa sababu ya tairi, kwa sababu rangi yangu ilikuwa kidogo, na kwa sababu madirisha, ngazi na mashua za uokoaji za meli ile zinahitaji mkono wa mtu anayetengeneza uso, na kikombe kilizaliwa kwa kazi hiyo. Kama ningekuwa na modeli kumi za kupaka rangi moja ya chini kwa siku moja, ningebaki na chupa ya fundi. Mtu akiniuliza leo nitamjibu hivyo hivyo: angalia kwanza upana wa unachopaka, kisha wingi wa rangi zako, kisha hewa yako inatoka wapi. Ubora wa chombo unafuata baada ya hayo.

Lakini kikombe kina sharti moja ambalo sikulifikiria vizuri. Kwa kuwa rangi inashuka kwa uzito, huwezi kupuliza ukielekea juu. Ukiinua ncha kutafuta tumbo la meli kutoka chini, kikombe kinainama nyuma na rangi inakumwagikia kiganjani. Kuna vifuniko, lakini rangi nayo inakimbia sindano. Ili upake chini ya meli, huna budi kuigeuza. Mkuku juu, sitaha chini.

Niliahirisha siku nne. Nilipaka kila kitu kingine. Nilichuja rangi kwa kipande cha soksi ya nailoni, nikaichanganya na tina mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, nikapuliza tabaka tano nyembamba badala ya mbili nzito. Meli ikaanza kuonekana meli. Ikabaki sehemu ya chini, mbao tupu, chini ya mstari wa maji. Nilisubiri Jumapili Mama akiwa kanisani, nikaigeuza juu ya magazeti, nikajaza kikombe. Sikuwa nimemaliza upande mmoja aliporudi mapema.

Akasimama mlangoni. Kwa miaka thelathini picha aliyokuwa nayo kichwani ya meli ile ndiyo hiyo niliyokuwa nimemwekea mezani sebuleni kwake. Nikaanza kueleza kwa haraka, mambo ya kikombe, ya uzito, kwamba rangi haipandi.

"Nyamaza kwanza," akasema.

Akaja karibu. Akaona kuwa nimeilaza juu ya magazeti makavu na ngazi ndogo za sitaha zinaanza kupinda kwa uzito wa meli. Akaingia chumbani, akatoka na kanga ya zamani, akaikunja mara nne, akanyanyua meli kwa mikono miwili na kuilaza juu yake.

"Umewahi kupita Mwaloni asubuhi?" akauliza.

Nimepita Mwaloni Kirumba mara nyingi, nikitafuta dagaa na nikitafuta tasnifu.

"Mafundi wa mitumbwi wanafanyaje wakitaka kuziba?"

"Wanaipindua, Mama."

"Basi." Akaishika meli mbele na nyuma isitikisike. "Paka."

Nikapaka. Alinisimulia wakati napaka, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia na ambayo mengi si ya kuandikwa hapa. Mjomba alikuwa na tabia ya kufika bandarini saa mbili kabla na bado karibu aachwe na meli, kwa sababu ya kuongea. Alikuwa analeta ndizi. Mama alikuwa amemwandalia kitanda. Kikombe kiliisha mara tatu, mara tatu tukasimama nikajaza, na kila tulipokuwa tumesimama ndipo alipozungumza. Kwa chupa ya lita nzima nadhani kazi ingeisha bila mtu kusema neno.

Rangi ilipokauka tuliigeuza pamoja. Ngazi moja ilikuwa imepinda na bado imepinda. Mei tulikwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa siku ile, kama tunavyokwenda kila mwaka. Meli haikuja nasi. Ipo juu ya kabati, imesimama wima, na Mama amekataa isiwekwe ndani ya kioo, kwa sababu, anasema, itakosa hewa.

Eabrashi ya fundi niliirudisha Nyakato ikiwa safi, tundu la kifuniko limezibuliwa. Aliinusa, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha kwenye droo. "Ulipaka meli gani?" akauliza. Safari hii nikamtajia. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia nimletee picha.